Nilivyompeleka Jogoo Ubundu ili Assani Anyamaze

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye mjini Kisangani ananiuliza habari za jogoo. Hawaanzi na Assani wala na yule bwana wa Ulaya. Wanaanza na jogoo. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama juani huku mwenye toleka akipiga kengele ya baiskeli yake ya abiria kuniharakisha, kwa hiyo naandika mara moja, msome wote. Atakayetaka kuuliza zaidi aje nyumbani, na asije mikono mitupu.

Makiso

Assani ni mtoto wa baba yangu mdogo. Anaishi Ubundu, ananunua samaki kwa wavuvi, anawakausha na kuwauzia wanaokwenda mjini. Ni kijana mwema, hawezi kupita penye watu bila kusalimu hadi mbuzi. Aliomba kwenda kusoma Ulaya akakataliwa, akaomba tena akakataliwa tena, na baada ya hapo akaanza kututumia video katika kundi la familia kwenye WhatsApp.

Ndani ya video hizo yupo bwana mmoja kijana aitwaye Julien. Anavaa sweta ya rangi ya maziwa, ana kikombe cha chai mkononi na vitabu nyuma yake, na sauti yake ni ya upole kama ya msoma matangazo ya vifo redioni. Julien hamtukani mtu. Anasema anaipenda Afrika. Anasema kila watu wana kwao: Waafrika wakae kwao waijenge Afrika, Wazungu wakae kwao Ulaya, pasiwe na kuchanganyika, na hapo ndipo tutaheshimiana. Tonton zangu wawili, wazee wa familia, waliweka dole gumba. Mmoja akaongeza ua.

Mimi nilikosa usingizi. Mnajua kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa juu ya watu wa namna hii, wanaoamini kwamba ngozi nyeupe ni cheo, na jinsi wanavyobadilika enzi hadi enzi. Enzi za babu zetu walivaa kofia ngumu nyeupe, wakapima vichwa vya watu kwa vyuma na kusema hiyo ni sayansi. Nchi ilipopata uhuru walikuja askari wa kukodiwa, ambao wazee wa mji huu wakiwataja bado wanashusha sauti. Baadaye, huko kwao, wakanyoa vichwa na kuvaa mabuti. Watu walipoanza kuyaogopa mabuti, wakayavua. Nilipomwona Julien na sweta yake niliwatambua palepale, kama unavyomtambua mtu wa mtaani kwenu hata akivaa suti ya harusi. Lakini nani wa kumwambia? Niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi, nikaufuta, nikauandika tena, nikaweka dua ya Ijumaa badala yake.

Kisha Assani akatangaza kwamba Julien amemwalika. Jumamosi angezungumza moja kwa moja mbele ya watazamaji wa Ulaya, awaambie kwa kinywa chake, yeye Mwafrika, kwamba Julien anasema kweli.

Siku iliyofuata Papa Ramazani, mkubwa wa ukoo wetu, aliniita kwenye karakana yake ya vitanda hapa Makiso. Alinisikilizisha ujumbe wa sauti wa Mwamini. Huyo ni dada wa Assani wa tumbo moja, anaishi Ubelgiji, anasafisha vyumba hospitalini na ana watoto wawili wa kike.

"Papa," alisema Mwamini, "bale batu ya Julien njo banabandikaka makaratasi ku mulango ya nyumba yetu. Inaandikwa turudie kwetu. Sasa kama ndugu yangu wa tumbo anasema vile vile, batamuonyesha kwa batoto yangu. Nitabaambia nini?"

Papa Ramazani alizima simu. "Uende," akasema.

"Papa, tunaweza kumupigia."

"Neno ya uzito haipitaka ku simu. Simu haiko na mikono."

Kwetu ndivyo ilivyo. Neno zito hupelekwa na mtu, na mtu huyo hubeba kitu. Papa akanipa kitenge kwa ajili ya mama yake Assani na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye macho ya hakimu. Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Wewe njo ulisoma maneno ya bale batu. Tena," akaongeza bila ubaya wowote, "hauko na kazi."

Kuvuka Lubunga

Siku hizo hakukuwa na treni, basi nililazimika kuvuka mto hadi Lubunga na kutafuta pikipiki upande wa pili. Mtumbwi wa mota ulijaa watu, baiskeli, magunia ya chumvi na mkungu mmoja wa ndizi uliokaa mahali pazuri kuliko mimi. Nilimpakata jogoo. Nilifikiri: tukizama, je, nimwachie? Miguu yake imefungwa. Nikimfungua sasa ataruka. Nisipomfungua nitakuwa nimemuua. Nilikuwa bado nafikiri hivyo tulipofika katikati ya mto, na mama mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu akauliza:

"Ni ya nani?"

"Ni ya ndugu yangu, Ubundu."

"Anaoa?"

"Hapana, mama. Ni kwa ajili ya mazungumzo tu."

Mama aliangalia kitenge kilichochungulia mfukoni, akaangalia jogoo, akaniangalia mimi. "Mutoto, jogoo na kitenge, na unasema mazungumzo? Tusidanganyane ndani ya maji." Mtumbwi mzima ukacheka, na kabla hatujafika ng'ambo nilikuwa nimeshapongezwa na kushauriwa kuhusu shemeji wagumu. Mzee mmoja alinionya nisikubali wali wa kwanza wanaoleta, maana ule ni wa kukupima.

Nilijaribu kukanusha tena. Nikaona ninavyokanusha ndivyo wanavyoamini zaidi, nikashukuru.

Kwenye barabara ya reli

Dereva wa pikipiki aliitwa Dido. Alimfunga jogoo kwenye usukani, uso mbele, ili, alivyosema, na yeye aone njia. Barabara inafuata reli ndani ya msitu, na kwa sehemu kubwa ni wazo tu la barabara: matope, mizizi, madaraja ya magogo mawili. Kila daraja nilishuka. Dido alipita kwa pikipiki akiimba, mimi nikapita kwa makalio.

Nikiwa nyuma yake nilianza kufanya mazoezi ya hotuba yangu, nikidhani kelele za injini zinanificha. Nilimwambia Assani wa hewani kuhusu kofia nyeupe na mabuti. Nilimweleza kwamba sasa wamegundua njia mpya, ya kumtafuta Mwafrika mmoja mpole awasemee maneno yao, ili wakiulizwa wajibu, si sisi, ni huyu. Nilijipinga, nikajijibu, nikajikatiza. Tulipofika penye kilima Dido akazima injini tupumzike.

"Yaya Zaina," akasema, maana huku dada mkubwa ni yaya, "ule Assani hakujibu ata neno moja?"

Nilitaka kuingia ardhini.

"Mimi naelewa," akaendelea. "Ku quartier yetu kuko kanisa. Ilibadilishaka jina mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya moto, batu banaanguka chini. Kiisha ikakuwa ya baraka. Sasa ni ya wokovu ya familia, beko na viti ya plastiki muzuri. Pasta ni ule ule."

"Na wewe unafanyaje?"

"Mimi naenda kila dimanche. Beko na kwaya nguvu."

Sikujua kama amekubaliana nami au la. Niliwaza jambo hilo kwa kilomita nyingi. Kama mfano wake ni sahihi, basi hatari si mchungaji, hatari ni kwaya. Julien ana kwaya nzuri. Ana chai, ana heshima, anamwita Assani ndugu. Mimi nilikuwa na hotuba tu, na jogoo asiyenipenda.

Wanie-Rukula

Mnyororo wa pikipiki ulikatika tulipokaribia Wanie-Rukula. Tukaisukuma hadi kijijini. Dido akaenda kutafuta fundi, nami nikapokelewa na mama mwenye kibanda cha chakula, Mama Furaha, ambaye aliniketisha bila kuuliza na kuniwekea lituma, ndizi zilizopondwa zikafinyangwa duara, pamoja na samaki wa kukaushwa ndani ya mchuzi wa mawese. Nilikula. Mnajua wasiwasi wangu unavyokaa tumboni. Mbele ya lituma ile ulisogea kando, ukangoja.

Nilipomfungua jogoo miguu ili anywe maji, akaondoka. Hakukimbia, aliondoka, kwa hatua za mtu aliyemaliza ziara. Nilipomfuata ndipo akakimbia. Kijiji kizima kikaingia kazini. Watu walijigawa pande mbili, kila upande ukiulaumu mwingine, na mzee mmoja mwenye redio begani aliketi akitoa maelekezo kama mtangazaji wa mpira. Jogoo alikamatwa na mwanamke aliyekuwa hata hachezi, alikuwa anapita tu na beseni, akalishusha, akamwokota, akanikabidhi, akaendelea na safari yake.

Mnyororo mpya haukupatikana siku ile. Dido alipeleka ule wa zamani uungwe, na fundi alikuwa shambani. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mama Furaha akaona ninavyotazama barabara, akaniuliza nina shida gani. Nilijaribu kumweleza kwa lugha nyepesi.

"Mama, kuna watu wabaya. Hawafi. Kila enzi wanatokea na sura mpya. Babu zetu waliwaona na sura moja, wazazi wetu na nyingine, sasa wanaonekana kama watu wema kabisa. Na mmoja wao anamtaka ndugu yangu."

Mama Furaha aliacha kukoroga. "Anamutaka fasi gani?"

"Ubundu. Jumamosi."

"Kandokando ya maji?"

Nikafikiri, nikajibu kwamba ndiyo, Ubundu iko kandokando ya maji. Mama Furaha akaondoka haraka, akarudi na wanawake watatu, na kabla sijaelewa walikuwa wamenizunguka wakimwomba Mungu amlinde ndugu yangu na mtu-mamba, mchawi wa majini anayejigeuza. Waliomba kwa bidii sana. Niliona si adabu kuwakatiza katikati niwaeleze kuhusu historia ya karne mbili. Nilipokuja kuwaeleza baadaye kwamba ni Mzungu mwenye sweta, anayezungumza kwenye simu, walitazamana.

"Bon," akasema Mama Furaha, "ile maombi inafaa tu." Akaniongezea samaki.

Ubundu

Tulifika Ijumaa mchana. Mnyororo ulikuwa umeungwa kwa namna iliyomfanya Dido aendeshe akinong'ona nao. Nilikuwa na matope hadi kwenye nyusi. Assani alikuwa mbele ya nyumba yao akigeuza samaki juu ya moto, akainua macho, akaniona mimi, kitenge na jogoo, akadondosha samaki.

"Yaya," akasema. "Papa amekubali?"

Sikujua Papa amekubali nini. Lakini Assani alikuwa tayari amenikumbatia na matope yangu yote, akamchukua jogoo kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, akaita ndani: "Béa, kuya. Banatuma jogoo."

Akatoka msichana mrefu mwenye tabasamu la aibu, akapiga goti kunisalimu. Béa ni Mlokele, wa familia ya Kikristo ya huko Yanonge, baba yake mwenye mtumbwi wa biashara. Assani alikuwa ameandika kwa Papa Ramazani muda mrefu uliopita kuomba ruhusa ya kumwoa, na Papa, kwa kuwa neno zito halijibiwi kwa simu, alikuwa hajajibu. Sasa jogoo amefika. Kwa Assani hilo ndilo lilikuwa jibu.

Ningepaswa kusema palepale. Nilifungua kinywa. Mama yake Assani akatoka, akakiona kitenge, akaanza kulia kwa furaha, nami nikafunga kinywa. Jioni jirani walikuja. Kulikuwa na pondu, mboga ya majani ya muhogo, wali, samaki wa liboke waliofungwa kwenye majani wakatoka na mvuke wa pilipili. Nilikumbuka ushauri wa mzee wa mtumbwini kuhusu wali wa kwanza, nikakataa, mama yake Assani akaona nimekasirika, akaleta wa pili mwingi zaidi. Kila nilipomvuta Assani pembeni, mtu alikuja kunishukuru.

Nililala nikiwa na mambo mawili ya kumwambia badala ya moja. Niliyapanga: nianze na lipi? Nikianza na ndoa, atakasirika asisikilize la Julien. Nikianza na Julien, ataona jogoo ni hongo. Nilitaka kumuuliza jogoo mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Assani akipanga samaki kwenye kapu. Nikamwambia lote la Julien, bila mpangilio, mabuti kabla ya kofia, askari baada ya sweta. Alinisikiliza hadi mwisho. Assani ni msikilizaji mzuri, ndiyo maana alimsikiliza na Julien.

"Yaya, mimi nilienda pale ku ambassade kuomba viza mara mbili," akasema. "Mara mbili banakataa, bananishika sawa mwizi. Huyu njo Muzungu wa kwanza kuniambia kwetu iko muzuri. Hakunitukana. Ananiita frère."

"Na Mwamini? Wanabandika karatasi mlangoni kwake."

Aliweka samaki, akamtoa, akamweka tena. "Julien anasema ile ni batu ingine, si batu yake."

"Na Mwamini anasema ni wake."

"Mimi nilitoa neno," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Batu beko banakuya kusikiliza. Nitakataa namna gani, Yaya, na duka ya antena itajaa?"

Hapo hotuba yangu ilikwisha. Nilikuwa nimebeba hoja zote hizo juu ya magogo na matope, na mbele yangu alikuwa kijana aliyetendewa vibaya mahali pamoja akaheshimiwa mahali pengine. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, na hadi leo sijui kama nilikipanga.

"Basi fanya kitu kimoja. Usizungumze kama mtu aliyeokotwa. Jitambulishe kwanza, kama Papa alivyotufundisha."

"Ile?" akasema, uso ukamfunguka. "Ile nitafanya."

Duka lenye antena

Ubundu kuna mfanyabiashara mwenye antena ya satelaiti juu ya bati na jenereta nyuma ya duka. Watu hukaa kati ya magunia ya sukari wakiingia mtandaoni. Alasiri ile walijaa hadi nje: wavuvi, mama yake Assani na kitenge chake kipya, Dido aliyekataa kurudi mjini kabla ya kuona mwisho, na Béa akiwa amesimama kando ya Assani amevaa vizuri, kwa kuwa naye aliamini kwamba siku ile ilikuwa ya furaha.

Julien akatokea kwenye kompyuta. Sweta ilikuwa ya buluu safari hii. Walizungumza Kifaransa, nawatafsiria.

"Leo tuna rafiki kutoka moyo wa Afrika," akasema. "Kijana anayejivunia asili yake. Assani, waambie watazamaji wetu wewe ni nani. Wewe ni wa watu gani?"

Sasa wasomaji wangu wa Kisangani mnajua kilichofuata, lakini wengine wenu hamjui, basi niwaeleze. Katika familia zetu za Kiislamu, zilizofika huku na misafara ya biashara, mtu akiulizwa hivyo mbele ya watu husimama. Hutaja ukoo wake, wa baba na wa mama, na hamruki mtu, kwa sababu aliyerukwa huwa ametukanwa na wote waliotoka kwake. Wanaosikiliza huitikia kila jina. Na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza.

Assani akasimama. Kichwa chake kikatoka kwenye picha, Dido akaiinamisha kompyuta.

"Mimi ni Assani wa Shabani," akasema.

"Eeh," duka likaitikia.

"Shabani wa Ramazani wa kwanza, aliyezaliwa Kirundu na mama Mkumu."

"Eeh."

"Ramazani wa Juma, Mnyamwezi, aliyekuja na msafara kwa miguu kutoka Tabora, akaoa mjini Kasongo."

"Eeh."

"Vizuri sana," akasema Julien, "kwa hiyo wewe ni—"

Wavuvi wakamfanyia ssss. Assani akaendelea. Alimtaja bibi Mgenya aliyevua kwenye maporomoko, babu wa Maniema aliyekuwa fundi cherehani, mke wake wa pili kutoka Isangi. Alipofika upande wa mama akashusha pumzi, maana huko ni mbali zaidi.

"Mama yangu ni binti wa Eleni. Eleni wa Yorgo, Mgiriki aliyekuwa na duka la vitambaa Makiso, aliyemuoa Amina binti wa msomesha Kurani."

"Eeh," duka likaitikia kwa nguvu zaidi, kwa kuwa Eleni aliwahi kuishi Ubundu na wazee kadhaa waliwahi kula maandazi yake.

Julien hakuwa akitabasamu tena, alikuwa anashikilia tabasamu. "Lakini Assani, kati ya hao wote, watu wako hasa ni wepi?"

Assani alionekana kutolielewa swali. "Hao wote," akasema.

"Na kwenu ni wapi?"

"Hapa." Akamshika Béa mkono. "Na huyu ni mchumba wangu, wa Walokele wa mto. Watoto wetu watakuwa na orodha ndefu zaidi. Itabidi wasimame sana."

Watu wakacheka. Upande wa skrini maneno ya watazamaji yalikuwa yanashuka kwa kasi. Assani ni mtu wa adabu, hawezi kuona amesemeshwa asijibu, akaanza kuyasoma kwa sauti. La kwanza lilikuwa kicheko. La pili kicheko. La tatu lilikuwa picha ya nyani. Kisha nyani wengine wengi. Kisha mtu aliyeuliza nani amemruhusu mbwa huyu aingie ndani, na mwingine akimlilia Mgiriki yule, kwa kumuoa Amina, kama aliyekufa kifo kibaya.

Assani aliacha kusoma. Nilikuwa nimesafiri siku zote hizo nikitafuta maneno ya kumwonyesha kilichokuwa chini ya sweta, na sasa nilitamani asingeona.

"Ndugu Julien," akasema taratibu, "hawa ni wageni wako. Utawajibu?"

Julien alikunywa chai. "Usijali," akasema. "Ndivyo vijana wetu walivyo. Ni utani tu."

Assani alitafakari neno hilo kwa heshima, kama anavyotafakari kila neno analoambiwa. "Kwetu, anayekutania ndiye anayekuja kukuzika," akasema. "Anachimba kaburi, anambeba maiti wako. Ndiyo maana tunamruhusu. Mimi nikifa, wewe utakuja Ubundu?"

Picha ikaganda. Julien alibaki na kikombe hewani na mdomo nusu wazi. Mwenye duka akakimbilia jenereta, akakuta inaunguruma vizuri kabisa. Ni upande wa pili ndio uliokata.

"Réseau," akasema mtu kwa huruma, akilaumu mtandao.

"Si réseau," akasema mama yake Assani.

Assani aliketi juu ya gunia la sukari. Kisha akaniuliza, "Yaya. Jogoo ilikuwa juu ya hii?"

Nikamwambia kweli. Jogoo alikuwa wa kumnyamazisha. Kuhusu Béa sikuwa nimetumwa neno lolote. Béa alikuwa anasikia. Niliona uso wake, nikaona kwamba nimefanya maafa mawili kwa ndege mmoja, na kwa woga nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: niliamua bila kufikiri.

"Lakini mimi ndiye niliyetumwa," nikasema, "na jogoo amepokewa mbele ya mashahidi. Kwetu jogoo aliyepokewa harudishwi. Nitamwambia Papa hivyo."

Dido akasema yeye ni shahidi. Wavuvi nao. Assani alinitazama, kisha akaanza kucheka, cheko lililoanzia mbali, na Béa akamfuata.

Walimchinja siku ile ile. Alikuwa mgumu kutafuna, kama nilivyotarajia.

Kurudi

Njia ya kurudi haina hadithi nyingi. Mnyororo ulikatika palepale, Mama Furaha akauliza kama mtu-mamba ameondoka, nikamwambia ameondoka katikati ya swali. Akasema ni maombi. Sikubishana. Watu hawa watarudi, nimeshawasoma vya kutosha kujua hilo, na wakirudi watakuwa wamevua sweta na kuvaa kitu kingine. Lakini niliyawaza haya nikiwa nakula lituma, na ndiyo maana hayakuniuma sana.

Papa Ramazani alikuwa anapiga randa nilipofika. Nilikuwa nimejitayarisha tangu Lubunga: kwanza habari njema, kisha ndoa, kisha kuomba radhi. Nikatoa vyote kwa mpigo mmoja. Aliendelea na randa hadi mwisho wa ubao.

"Alimutaja Eleni?" akauliza.

"Alimtaja, Papa."

"Na Yorgo?"

"Na Yorgo na duka lake."

"Hakuruka mutu?"

"Hakuruka mtu."

Akapuliza vumbi la mbao. "Basi ule mutoto iko mutu mukubwa. Aoe."

Watu wa Julien waliifuta ile video jioni ileile, kwa hiyo Mwamini hakuwa na cha kuogopa kwa watoto wake. Lakini Dido alikuwa ameirekodi kwa simu yake, kutoka kwenye kusimama hadi kwenye picha kuganda, na ikafika Ubelgiji kabla mimi sijafika Makiso. Juzi Mwamini alituma ujumbe wa sauti. Anasema karatasi bado zinabandikwa mlangoni, anazibandua asubuhi akienda kazini. Na anasema binti yake mkubwa, shuleni, mwenzake mmoja alimwambia arudi kwao, mwalimu akasikia, akamuuliza kwa upole mbele ya darasa kwao ni wapi.

Mtoto akasimama. Akaanza na Juma wa Tabora. Hakuruka mtu, na darasa likajifunza kuitikia. Kengele ya mapumziko ililia akiwa bado kwa Eleni, na hakuna aliyetoka.